Sifuri ya Madame Brigitte

Madame Brigitte alikuwa na ugonjwa wa walimu: akisikia hoja mbovu, mkono wake hutafuta kalamu nyekundu. Miaka kumi na minne alifundisha falsafa katika shule moja ya Kenya, si nchi bali komine, yaani wilaya ya mji wao, na kila mwaka aliwaandikia wanafunzi ubaoni makosa yale yale ya kufikiri. Leo makosa yote yalikuwa yamehudhuria msiba na kukalia viti vya plastiki.

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya mpwa wake, Dan, na wakubwa wa familia walikuwa kikaoni chini ya turubai. Tantine Mwelwa, shangazi yake Brigitte, dada wa marehemu baba yake, kikongwe mwenye ugonjwa wa sukari, aliketi peke yake mkekani. Hakuna aliyempelekea hata chai.

Wa kwanza kumnyooshea kidole alikuwa Princesse, mjane wa Dan, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Brigitte.

"Dan alikula bukari kwa Tantine dimanche," alisema, akiutaja ugali ule wa Jumapili kama ushahidi. "Mercredi, kisha siku tatu, akafwa. Ni mulozi."

"Jogoo analia, kisha jua inatoka," Brigitte akajibu. "Basi jogoo njo analeta jua?"

"Bantu bote ba avenue banasema ni yeye," akadakia binamu mmoja.

"Bote banaweza kukosa pamoja."

Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali, na Brigitte akajiona anashinda. Kumbe alikuwa anapalilia mawe. Kaka yake mkubwa, Yaya Stanislas, mstaafu wa reli, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole:

"Akili yote iyo, nani alikusomesha?"

Macho yote yakaenda mkekani. Ni Tantine aliyemsomesha, na kila mtu alijua.

"Njo maana anamutetea," Stanislas akasema. "Nimekwisha kuagiza gari. Kesho saa kumi na mbili asubuhi anaenda Kasungami kwa pasteur wa maombi. Atafunga, hakuna kula, hakuna maji, mupaka aungame."

Kwa sukari ile, Tantine asingefika siku ya pili. Brigitte aliogopa kama hajawahi kuogopa. Haki yote ilikuwa upande wake na haikumfaa kitu. Ndipo akasema maneno ambayo, kama mwanafunzi yeyote angemwandikia, angempa sifuri.

"Muzuri, mumupeleke. Lakini mwizi njo anaanzaka kulalamika mwizi. Na mulozi njo anatangulia kuonyesha mulozi."

Hapakuwa na ushahidi hata wa kulamba. Hata hivyo vichwa vyote vilitikisika kukubali, na mtu akainuka kumpelekea Tantine chai. Brigitte akaenda kuketi kando yake, machozi ya nafuu yakimtoka.

Alipofuta macho, aliona viti vilivyokuwa karibu na Princesse vinasogea, kimoja baada ya kingine.

"Mbele ya kufwa," Stanislas akauliza, "Dan alikuwa anakula kwa nani kila siku?"

Princesse alishika tumbo lake la miezi saba. Hakumwangalia Stanislas. Alimwangalia mwalimu wake.

"Madame, ubaambie. Ulitufundisha iyo ni kosa."

Brigitte alifungua mdomo. Mkono wa Tantine, uliopata joto la kikombe, ukamshika kidole. Alitazama mkono ule, akafunga mdomo.

Stanislas akatoa simu kumpigia dereva. Alimwambia saa ni ile ile, mtu tu ndiye amebadilika.