Shahidi wa Kidole

Ndoo ya arobaini na moja ilimmwagikia kwenye kiatu. Mzee Mdogo hakushtuka. Kiatu chenyewe kilikuwa kimeachama mbele siku nyingi, kama kinachoomba maji. Alimimina yaliyobaki ndani ya kisima cha ubatizo, akachungulia. Magotini. Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Jumatano, na kisima kilitaka maji ya kiunoni, maana kanisa lao halinyunyizi mtu, linamzamisha mzima mzima.

Alikuwa na miaka kumi na tisa na ndevu bado ziko njiani, lakini wamisionari wa kiume wa Kimormoni wote huitwa Mzee, na beji ya kifuani ilisema hivyo. Kwao kulikuwa siku mbili kwa basi na nusu siku kwa miguu. Walitembea wawili wawili, na sheria ilikataza mtu kupotea machoni pa mwenza wake, iwe sokoni, iwe kwa kinyozi. Wanawake wa mtaa walisema laiti waume zao wangepewa sheria hiyo.

Mwenza wake, Mzee Mrefu, alitoka nchi ya theluji. Viatu vyake vililetwa na posta, vyeusi, soli nene kama mkate. Kila Jumatatu, siku ya kupiga simu nyumbani, alimwona mama yake kwenye skrini, na jiko la mama yake, na mbwa. Mama wa Mzee Mdogo aliazima simu kwa jirani, akapiga kelele, "Haloo? Mwanangu, umekula?" na chaji ikaisha. Mzee Mdogo alifika mahali pa kumwonea wivu yule mbwa.

"Kaka, wewe pumzika, mimi beba," alisema Mzee Mrefu, akaichukua ndoo.

Ubaya wake ni kwamba hakuwa na ubaya. Ukimwonea mtu wivu unataka naye awe na roho mbaya kidogo, akusaidie kazi.

Lakini kitu kimoja kilikuwa cha Mzee Mdogo peke yake: Mama Cherehani, fundi aliyeshona kwenye kibaraza cha duka la misumari. Miezi minne alimfundisha, yeye akisoma Kitabu cha Mormoni, mama akikanyaga cherehani kwa raba zake za buluu. Alimtilia mashine mafuta. Alimwachisha hata chai, maana kanisa linaikataza. "Mume aliniacha sikuumwa kichwa hivi," mama alilalamika, lakini aliacha. Angekuwa mtu wa kwanza kubatizwa kwa kazi yake, na anayebatizwa ndiye huchagua wa kumzamisha. Mzee Mdogo alikuwa ameshapiga pasi nguo zake nyeupe za kumzamishia.

Saa nne, maji yalipofika kiunoni, mama akafika na gauni jeupe alilojishonea.

"Haya mama, nani akuzamishe?" aliuliza kiongozi wa tawi, dereva wa lori mwenye tumbo la usukani.

"Yule mrefu."

"Mrefu?"

"Huyo huyo. Au ana bei yake?"

Watu wakacheka. Mzee Mdogo naye akacheka, kicheko cha meno matupu. Akapewa kazi ya shahidi. Mashahidi huwa wawili, na kazi yao ni kuangalia mtu azame mzima. Kikibaki juu hata kidole, inarudiwa. Dereva alisimama upande wa kichwa, Mzee Mdogo upande wa miguu.

Mama alivua raba, akateremka. Mzee Mrefu alimshika mkono kwa adabu, akatamka maneno bila kukosea, akamlaza majini. Mzee Mdogo hakutazama maji. Alitazama ile mikono mirefu, na uso wa mama ulivyotulia juu yake.

"Kidole," alisema. "Kidole kilibaki juu."

Ikarudiwa. Mama akatoka anakohoa, kitambaa cha kichwa kimemwangukia jichoni.

"Tena," alisema Mzee Mdogo. "Kilekile."

"Kipi?" dereva aliuliza. "Mimi sikuona."

"Gumba. La mguu wa kushoto."

Mama Cherehani alijifuta uso. Akashika ukingo wa kisima, akauinua mguu wa kushoto juu ya maji, taratibu, kama anayeonyesha kiatu dukani. Vidole vinne. Mahali pa gumba palikuwa na kovu laini.

"Hilo gumba lilichukuliwa na mashine kiwandani, mwaka wa tisa huu," alisema. "Karatasi yao inasema siku hiyo sikuwa kazini. Kumbe lilikwenda kazini peke yake. Kama umeliona, mwanangu, nielekeze, nina maswali nalo."

Hakuna aliyecheka.

"Mzee, nakuuliza mara ya mwisho," dereva alisema. "Alizama?"

"Alizama," alijibu Mzee Mdogo. "Mara zote mbili."

Baadaye, huku Mzee Mrefu akibadilisha nguo chumba cha pili, mlango wazi, mama alimkuta Mzee Mdogo anakamua dekio ambalo halikuwa na maji.

"Ulininywesha kisima kizima kwa wivu."

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Wewe ndiye. Na ungeniuliza ningekwambia." Akashusha sauti. "Jumatatu askari wa manispaa wanapita vibarazani. Mwezi uliopita walibeba cherehani ya jirani yangu, hajaiona mpaka leo. Nataka picha niitundike pale, niko na yule. Waseme huyu mama ana watu wake. Nikitundika ya kwako wataniuliza, huyu naye anauza nini?"

Mzee Mdogo aliliegemeza dekio ukutani.

Mzee Mrefu akatoka na tai na beji, anatabasamu, hajui kitu. Mama akasimama kando yake, akajinyoosha, akamkabidhi Mzee Mdogo simu yake yenye kioo kilichopasuka.

"Beji ionekane," aliamuru. "Na viatu vyake. Wale watu hutazama viatu kwanza. Vyangu viache."

Mzee Mdogo akiwa amesimama, viatu vilikatika kwenye picha. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, vikakatika bado. Basi Mzee Mdogo akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, mbele ya zile soli nene, akahesabu moja, mbili, tatu, akapiga.

"Rudia," alisema mama. "Kidole chako kimeingia kwenye picha."

Akarudia.