Kikapu cha Ndayisenga

Mjukuu wangu Aneth nimemlea tangu ana miezi saba, mama yake alipofariki. Nilimbeba mgongoni kwenda shamba, hapa hapa Nyakitonto, mpaka kanga ikachanika. Halafu siku moja tu ya mvua, mwanamke ambaye hata sura simjui akaninyang'anya.

Aneth alikwenda na walimu wenzake kupanda milima ya Munanila, eti matembezi. Akateleza, mguu ukateguka. Wenzake wakatangulia kutafuta pikipiki. Akapita mama mmoja anatoka kupalilia, jina lake Ndayisenga. Akambeba mpaka kwake. Mgongoni. Akamkanda mguu, akamlisha, na asubuhi akamfungia maharage kwenye kikapu kipya.

Tangu hapo nikipika maharage, Aneth anaonja, anatazama juu.

"Mazuri, Bibi. Ila Mama Ndayisenga anatia mawese kidogo mwishoni."

"Basi hamia."

"Una wivu, Bibi."

"Wivu wa nini, mimi na meno yangu manne?"

Akacheka. Kisha akasema jambo lililonikata maini: siku ya kumuaga, kabla ya ndoa yake, anataka Ndayisenga aitwe, akae naye jamvi moja na mimi.

Mimi ni mtu wa subira, nikangoja aende shuleni. Kwetu kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu umemwambia tumemalizana. Nikakifuta vumbi, nikampa Saady, mfanyabiashara anayefuata ndizi Munanila kila wiki. Akakitikisa.

"Bibi, umesahau kutia kitu."

"Sijasahau. Peleka."

"Nikifika nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

Wiki ile nililala vizuri. Saady akarudi na kikapu begani, anatembea amejipinda. Maharage mpaka mdomoni, na chupa ya mawese juu yake.

"Alikitazama muda mrefu," Saady akasema, "akashika kifua. Akasema, maskini, bibi yake Aneth hana hata punje ya kutia, na bado amekumbuka kukirudisha. Anasema msione haya. Yakiisha haya, mkilete tena."

Mimi huyo, mwenye magunia matatu ndani.

Nikayapika, nikatia mawese mwishoni. Yakawa matamu kuliko yangu. Nilikula nimeupa mlango mgongo, Aneth asinione.

Sasa nimekaa na ungo, nachambua maharage yangu yaliyo bora, punje moja moja, kikapu chake kijae mpaka kishindwe kufungwa. Alhamisi Saady anasafiri. Nimemwagiza amwambie huyo mama ghala langu limejaa, na aje kumuaga Aneth, jamvi ni refu. Ila upande wa kulia wa mtoto ni wangu. Na hilo nalo amwambie.