Mimi

To! To! To! Bomba la jikoni lilidondosha maji gizani. Keturah mwenyewe ndiye aliyeliacha wazi kidogo, maji yasigande bombani. Januari ya Alabama ikikasirika haina mzaha. Lakini kila tone lilimgonga kifuani. Asubuhi hiyo maprofesa watatu wa chuo kikuu cha kaskazini wangemsaili kwa kompyuta, waamue kama atakwenda kusomea uzamivu.

Kulipokucha akaja Bi Purnell, mwalimu wake wa chuo cha weusi pale mjini, na mikate ya moto yenye soseji. Alikuja kumwangalia Imari, binti wa Keturah wa miaka minne.

"Haya mwanangu, tujaribu mara ya mwisho. Nani aligundua sumu kwenye kijito?"

"Tuligundua…"

"Tu! Tu! Mlikuwa kwaya?"

Imari akaangua kicheko. Mama yake hakucheka.

"Bi Purnell, bibi yangu alinilea kanisani. Ukijisifu, unaambiwa ukae chini, sifa umwachie Mungu."

"Mungu alikuona ukizama kwenye tope na chupa zako. Wale hawakukuona. Tavaris, mwanafunzi wangu kabla yako, aliposailiwa alisema 'tu' mwanzo mpaka mwisho. Nilipowauliza mbona wamemkataa, unajua walinijibu nini? 'Hatukuona alichofanya yeye.' Sasa anapanga maboksi ghalani, kichwa kile!"

Keturah akauweka mkate wake mezani, akafungua kompyuta.

Bi Purnell akaingia chumbani na mtoto. Nyuso tatu zikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Waliuliza hiki, wakauliza kile, kisha yule mzee mwenye miwani akasogea karibu.

"Wazo la kupima maji baada ya mvua lilitoka kwa nani?"

"Tu" ilikuwa imeshafika kwenye meno ya Keturah. Akahisi marehemu bibi yuko nyuma yake, anakohoa kile kikohozi chake cha kumkalisha mtu chini. Akashika ukingo wa meza, akafungua kinywa.

Walipoaga, kioo kikawa cheusi.

"Umejibuje?" Bi Purnell alitoka mbio. "Na huyu mtoto kanichoropoka tena!"

"Sijui, Bi Purnell. Hofu imefuta yote. Sikumbuki hata neno."

Imari, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango na soksi zake, akisikiliza yote, akaja akamvuta sketi.

"Mama amesema 'mimi'."