Mtoto Asiyefikia Alama

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, saa mbili kasorobo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakidondoka kwa ubahili, kana kwamba nayo yalitolewa kwa mgawo. Mpiga pasi wa duka kuu la dobi mjini alikuwa mtu wa arobaini na moja kwenye foleni ya duka la vyakula. Pembeni yake walisimama wanawe wawili, nao walikuwa wameletwa ili wahesabiwe.

Unga wa bei elekezi uliuzwa pakiti moja kwa kila kichwa. Kwingineko pakiti hiyohiyo ilikwenda kwa bei maradufu. Pakiti tatu zingemfikisha mwisho wa mwezi. Mbili zingemwacha njiani. Mji mzima, basi, ulikuwa umejifunza kwenda dukani na watoto, wenye mafua na wenye usingizi, ili kila mmoja ahesabiwe kichwa. Meneja naye, baada ya tafakuri iliyostahili cheo chake, alikuwa amepiga mstari wa rangi nyekundu kwenye mwimo wa mlango, kimo cha mita moja, na kubandika tangazo: MTOTO ASIYEFIKIA ALAMA SI MTEJA. Yaelekea njaa ya mtoto huyo nayo haikufikia.

Kaka mtu, aliyeitwa Mzee kwa sababu ya maswali yake yasiyokwisha, alikuwa na miaka saba na aliupita mstari bila wasiwasi. Dada yake Kidoti, wa miaka mitatu na nusu, alipungukiwa na upana wa vidole viwili. Mama yao, yule mpiga pasi, alikuwa amempima nyumbani kwa kipande cha kamba, mara tatu. Ndiyo maana asubuhi hiyo Kidoti alivaa viatu vya zamani vya kaka yake, vilivyoshindiliwa matambara na vipande vya godoro.

“Mama, miguu inawasha.”

“Vumilia, mwanangu. Ukifika mlangoni usimame kama askari.”

“Askari anavaa viatu vya kaka?”

“Wengine huvaa vya wizi,” alisema muuza mkaa aliyekuwa nyuma yao, na watu wakacheka chini chini.

Saa tatu na nusu gari jeupe lilisimama kwenye mlango wa ubavuni. Alishuka mkaguzi wa bei, amevaa shati la samawati. Mpiga pasi alilijua shati lile kuliko mwenyewe. Jumatano alikuwa ameisugua kola yake kwa brashi mpaka ukoko wa shingo ukaachia. Wapagazi wawili walipakia mifuko minane garini, kila mmoja ukiwa na pakiti kumi na mbili. Hakuna aliyewaza kumsimamisha mkaguzi mlangoni.

“Mama, watoto wake wako wapi?” aliuliza Mzee.

“Wa nani?”

“Yule bwana. Amepewa nyingi, na hakuja na mtoto hata mmoja.”

“Kaja na tumbo, mjukuu wangu,” alisema muuza mkaa. “Lile limehesabiwa familia nzima.”

Zamu yao ilipofika, mlinzi alimpitisha mama, akampitisha Mzee, kisha akamsimamisha Kidoti kwenye mwimo. Mtoto alikakamaa, kidevu juu. Nywele zake ziligusa mstari.

“Haya, pita.”

Kidoti alitii amri. Alipiga hatua moja, na kiatu kimoja kikabaki kimesimama palepale, kikitoa matambara mdomoni. Mlinzi alikiokota kwa vidole viwili kama aliyeshika panya, akampelekea meneja.

“Unamfundisha mtoto wizi?” aliuliza meneja.

“Namfundisha kurefuka. Chakula ndicho kingemrefusha, bwana, lakini mmekifungia ndani.”

Kidoti alipimwa tena, pekupeku, mbele ya watu wazima watano. Hakuwa mteja.

Hapo mkaguzi aliingia na karatasi. Ilihitaji sahihi za wateja watatu. Mbili alikuwa amezipata kwa wafanyakazi wa duka, na kwa ya tatu alitaka mtu aliyelowa mvua, ili mambo yawe ya kweli. Sauti ya meneja ikalainika papo hapo.

“Mama, sisi si wanyama. Chukua na ya tatu.” Alimtia Kidoti pakiti mikononi. “Tuseme ni deni. Unalilipa hapahapa, kwa sahihi tu. Kalamu hii.”

Mpiga pasi aliichukua karatasi akaisoma, mstari kwa mstari, jambo ambalo mabwana wale wawili hawakulitarajia. *Bidhaa zimeuzwa kwa haki, bila upendeleo.* Aliitazama kola ya mkaguzi. Jumatano ijayo angeisugua tena. Kisha akaweka mezani fedha za pakiti mbili, na kalamu juu yake.

“Kidoti, rudisha.”

“Ni yetu.”

“Si yetu, mama. Rudisha.”

Mtoto aliikumbatia pakiti kwa muda. Meza ilikuwa juu mno kwake, kwa hiyo akaiweka sakafuni, mbele ya viatu vya mkaguzi.

“Deni lenu silitaki,” alisema mpiga pasi. Alimpa Mzee pakiti moja, akashika ya pili, akambeba Kidoti mgongoni na kutoka. Ndani, mkaguzi wa bei aliinama kuokota unga.