Vigae vya Kifuani

Kila asubuhi, kabla misumeno haijawashwa, Sista Tahani alisimama mlangoni pa zahanati ya karakana ya marumaru, nje kidogo ya Kairo, akagawa maziwa. Bilauri moja kwa kila mfanyakazi. Ndiyo dawa iliyoaminiwa pale tangu enzi za mababu: maziwa huosha vumbi kifuani. Tahani alijua kwamba maziwa huenda tumboni na vumbi huenda mapafuni, na njiani hata hawaamkiani. Lakini kabatini hakupewa kingine.

Jumanne moja Mzee Bayumi, fundi wa msumeno mkubwa, alikunywa yake, akafuta masharubu, akakohoa kigae.

Kilikuwa cheupe, cha mraba, kimekwisha kung'arishwa. Kililia kwenye trei kama sahani.

"Samahani, Sista. Nimekuchafulia."

"Kipo kingine?"

"Nasikia vinagongana huko ndani."

"Basi leo hurudi kwenye msumeno."

"Nisiporudi, mke wangu atanikata kwa msumeno wake wa mdomo."

Tahani alikipeleka kigae kwa meneja, Mhandisi Raafat, aliyekuwa akila mkate wa maharage. Alitaka mambo mawili: Bayumi ahamishiwe getini, na misumeno ivutiwe maji ili vumbi lianguke chini badala ya kuruka.

Raafat alikigeuza kigae kwenye mwanga. "Mali safi hii!"

"Imetoka kifuani mwa mtu."

"Na kifuani iliingiaje? Vumbi letu, Sista. Kwa hiyo ni mali ya karakana."

"Basi na kikohozi ni chenu. Njooni mkichukue."

"Waongezee maziwa," alisema Raafat, akarudi kwenye mkate wake.

Maziwa yakaongezwa. Vigae navyo vikaongezeka, maana sasa walikohoa wote. Karani wa mauzo alipokuja na kikapu kuvikusanya, Tahani alimfungia mlango. Kisha akaazima mwiko, akakoroga saruji kwenye ndoo ya zahanati, akaanza kuvitandaza kizingitini pa ofisi ya Raafat. Mafundi walimsaidia kunyoosha mistari, kwa sababu hakuna fundi wa marumaru anayevumilia kigae kilichopinda.

Kila kigae kilipokanyagwa kilikohoa kwa sauti ya mwenyewe. Wanunuzi walikanyaga, wakasema, "Pole," wakaendelea kuulizia bei. Raafat alitandika zulia. Vikakohoa chini ya zulia.

Bayumi hakuhamishiwa getini. Alifariki majira ya baridi, na mkewe, Bi Wagida, akaja zahanati na kitu alichokifunga kwenye kitambaa.

"Kimetoka alipokuwa anaoshwa," alisema. "Nilisema nikiweke jikoni, nikaona hapana. Kiweke pale atakapokanyaga huyo meneja, mwanangu. Marehemu hakuwahi kuingia ofisini kwake. Sasa aingie."

Tahani alikiweka chini ya meza, mahali hasa pa kisigino cha meneja.

Juma lile lile Raafat alihamishia ofisi ghorofani. Maji hayakuvutwa. Misumeno ikawashwa saa ile ile, vumbi likapanda, na fundi mpya akasimama mahali pa Bayumi.

Sista Tahani akampa bilauri yake, akangoja akohoe, akakipokea kigae na kukifuta kwa aproni. Kisha akachukua ndoo na mwiko, akapiga magoti kwenye ngazi ya kwanza ya kwenda ghorofani.