Kamera Namba Saba Ilivyorudi Nyuma

Saa nane mchana, zamu ya asubuhi ilipokwisha, askari walipanga foleni kwenye dirisha la mtunza picha na kuvua kamera vifuani. Mtunza picha, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja, alizichomeka kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, akaandika namba zake daftarini, akasubiri picha zishuke. Namba saba ilikuwa na joto kuliko wenzake, lakini daftari halikuwa na safu ya joto.

Kamera zilikuwa zimeleta manufaa, hilo hakuna aliyebisha. Mkuu wa kituo aliwahesabia wageni manufaa hayo kwa vidole: raia hasingiziwi, askari hasingiziwi, malalamiko yamepungua, na askari wamekuwa na lugha nzuri. Hili la mwisho lilikuwa kweli tupu. Watu waliozoea kumwita mzee wa watu "wewe" sasa walibonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka, wakaamkia kama waliokuja kuposa.

Kijitabu cha kamera kilieleza kwamba ukibonyeza kitufe, kamera huhifadhi pia nusu dakika iliyotangulia, ili ijulikane jambo lilianzaje. Namba saba ilitaka kujua zaidi ya hapo. Wiki ya kwanza ilihifadhi mambo ya jana. Wiki ya tatu ilileta ya mwezi uliopita. Kisha ikapita siku ambayo kamera zenyewe zilinunuliwa, ikaendelea kuona kutokea pale ambapo wakati huo palikuwa na kifungo cha shati tu. Baada ya hapo ikatulia: kila ikivuliwa, ilileta dakika chache za siku moja nyuma zaidi. Mtunza picha aliandika barua makao makuu. Walijibu kwamba kifaa kiendelee kutumika.

Aliyeivaa alikuwa konstebo mpole wa sauti, mwenye saa ya mkanda wa kijani. Alianza kuchelewa kuondoka dirishani.

"Imefika wapi, dada?"

"Tarehe ishirini."

"Ya mwezi wa tatu?"

"Wa tatu, afande."

Hesabu hiyo kituo kizima kiliijua. Tarehe kumi na tatu ya mwezi wa tatu, fundi viatu aliyekaa nje ya geti, ambaye nusu ya buti za kituo zilipita mikononi mwake, alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyuma. Ripoti ilisema aliteleza. Mama yake alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi la mapokezi, akaomba neno hilo lifutwe, kwa sababu mwanawe tangu utotoni alishuka ngazi kwa kushika ukuta. Alijibiwa vizuri kila mara kwamba jalada litafunguliwa ushahidi ukipatikana.

Konstebo aliomba kubadilishiwa kamera. Aliambiwa kila mtu na namba yake. Siku moja hakubonyeza kitufe kabisa, akaandikishwa barua ya kujieleza, na kesho yake namba saba ikaleta siku mbili kwa mpigo. Alikonda. Zilipobaki siku mbili, mtunza picha alipita kwenye benchi akiwa amebeba mafaili, akainama kama anayeokota karatasi.

"Alhamisi, mama. Saa nane kasoro. Usikae hapa, njoo ndani kwangu."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Yuko huko. Ila nakuomba, ule kwanza kabla ya kuja."

Alhamisi mama alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha picha, mkoba mapajani. Simu yake ilikuwa imebaki getini kwenye sanduku pamoja na za wengine wote, kama kanuni ilivyotaka. Konstebo alifika wa mwisho. Alimwona, akabonyeza kitufe kwa mazoea, taa ikawaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akavua kamera, akaiweka dirishani, asiondoke. Mtunza picha aliichomeka.

Fundi alitokea kwenye skrini akiwa mzima, aproni yake ya ngozi kiunoni, buti moja mkononi. Alikuwa anacheka. "Gundi haijakauka, afande. Kesho asubuhi, mapema kabisa." Sauti ya upole ikasema buti zinatakiwa leo. Fundi akasema akizitoa leo zitaachia njiani, afande ataaibika bure. Picha ikasogea karibu, ikamshika kola, ikampandisha ngazi za nyuma mpaka juu kabisa, ambako alikuwa bado anaeleza habari za gundi. Mikono miwili ikaingia kwenye picha kutokea chini, mmoja una saa ya mkanda wa kijani, ikamsukuma.

Ngazi zilikuwa kumi na tisa. Picha haikushuka. Ilibaki juu ikimtazama, na sauti ya fundi ikapanda hadi juu bila kukatika.

"Nimeumia, afande. Niitie mama."

"Niko hapa," mama alisema.

Chini ya picha palikuwa na maandishi yaliyozoeleka. Picha yenye umri wa zaidi ya siku tisini hufutwa yenyewe ikimaliza kushuka, isipokuwa mkuu wa kituo ameiwekea alama. Hii ilikuwa na siku mia moja na sitini. Mstari wa kijani ulikuwa umefika nusu.

Mtunza picha alikimbia na fomu uani, alikokuwa mkuu wa kituo na wageni wake, kidole cha tatu kimekwisha kunjwa. Mkuu alisoma fomu yote bila hasira.

"Namba ya jalada?"

"Halijafunguliwa, mkuu."

"Basi lifunguliwe."

"Wanasema mpaka ushahidi upatikane. Ndio huu, mkuu, unafutika sasa hivi."

"Ushahidi unawekewa alama kwa namba ya jalada," alisema, akamrudishia fomu, akakunja kidole cha nne.

Aliporudi skrini ilikuwa nyeupe. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo chake, na konstebo alikuwa bado amesimama dirishani. Mtunza picha alivuta daftari. Safu ya maelezo ilikuwa nyembamba, ya kuandika "betri mbovu" au "lenzi chafu", lakini maneno mawili yalitosha. Akaandika: *Hakuteleza. Alisukumwa.* Konstebo alisoma yakiwa kichwa chini, akatia saini mbele ya maneno hayo, kwa kuwa bila saini ya mrudishaji kamera haihesabiki imerudi. Mwisho wa mwezi makao makuu yaligonga ukurasa huo mhuri wa kupokelewa, pamoja na kurasa nyingine zote.

Neno la ripoti halikufutwa. Namba saba iliendelea kurudi. Ijumaa ilileta siku moja kabla: fundi anapima kisigino, misumari midomoni. Mama alikuja akamtazama. Jumatatu ilimleta akigombana na uzi. Mama aliacha kukaa kwenye benchi, akawa anakwenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha plastiki, akaja kila siku ya kazi mpaka namba saba ilipofika siku ambayo konstebo alihamia kituoni. Alishuka garini kisigino cha buti kimeng'oka, akamuuliza mtu wa kwanza aliyemwona wapi atapata fundi wa viatu.

"Umeshafika," fundi alisema, akimsogezea kigoda. "Kaa, ndugu yangu."

Kesho yake picha ilikuwa ya mji mwingine, wenye watu ambao mama hakuwajua. Mtunza picha alimwambia haitarudi mbele tena. Mama alisema amesikia. Alichukua simu yake kwenye sanduku la getini, akamkuta konstebo kwenye lindo, amenyooka, shati limepigwa pasi. Konstebo akabonyeza kitufe, akasubiri taa iwake.

"Shikamoo, mama."

Taa ilikuwa nyekundu, na kitabu cha malalamiko kilikuwa kitupu mwezi wa nne mfululizo. Mama alisimama kidogo.

"Marahaba," alisema.