Mafuta ya Kuchua Hayaonjwi

"Mama Severine, hivi serikali ikituita kutoa maoni, inakuwa imeshaamua au bado?"

Jirani yangu Kandida aliniuliza hivyo mkoa wetu ukiwa bado mchanga, siku tuliyokuwa tunakwenda mkutanoni kwenye ukumbi wa parokia, hapa Maisaka. Nikamwambia sijui, twende tukasikie. Mkono mmoja nilishika rozari, mwingine kikapu cha vikopo vya mafuta yangu ya kuchua. Tangu Bwana amwite mume wangu, mafuta hayo ndiyo yanayotulisha mimi na wanangu. Nayapika mwenyewe kwa alizeti, nta ya nyuki na majani ya mkaratusi. Sasa tangazo la mkutano lilisema sheria mpya itagusa kila dawa ambayo mtu anajinunulia na kujitibu bila kumwona daktari. Njia nzima nilikuwa nasali wasije wakanifungia.

Mtaalamu wa dawa kutoka mkoani, dada mmoja aitwaye Evelyne, alieleza vizuri hata mimi wa darasa la saba nikaelewa. Wanataka kuzigawa. Za kumeza ziuzwe madukani tu. Za kupaka, kama hazina hatari, ziruhusiwe hata kwenye meza za sokoni, mradi kikopo kioneshe matumizi yake.

"Tumekuja kuwauliza kabla haijaandikwa," akasema.

Kandida akanifinya. "Umesikia? Bado hawajaamua."

Akasimama Sadock, mwenye duka la dawa baridi. "Mimi nasema zote ziuzwe dukani. Huyu mama tutajuaje anachanganya nini huko jikoni kwake?"

Kandida hata hakunyoosha mkono. "Wewe Sadock, si mama yako mzazi anayapaka kila siku? Mafuta haya ni salama kabisa! Mjukuu wangu akikohoa namlambisha kijiko, analala kama malaika."

Sadock akakaa, anatabasamu.

"Mnayanywa?" Evelyne akauliza.

"Kidogo tu," akasema Kandida, sauti imeshuka.

"Hata sisi," mama mwingine akadakia kutoka nyuma.

"Nani aliwaambia yananywewa?"

"Hatukuambiwa. Si tunamwona mwenyewe anaonja!"

Ni kweli, naonja. Sisi tuliotoka juu Mbulu tumezoea hivyo: ukimpa mtu kitu cha kuingia nacho nyumbani kwake, unaonja kwanza mbele yake, aone huna nia mbaya. Wateja wangu wa kule hawapokei kikopo mpaka nichovye kidole nilambe. Nilijua kila mtu anaelewa ni adabu tu. Kumbe wengine walihesabu ndiyo matumizi yenyewe.

"Yakimezwa, mama," Evelyne akaniambia kwa upole, "siwezi kuyaweka kwenye kundi la kupaka."

Nikapiga ishara ya msalaba, nikasimama.

"Dada, andika hivi. Muuzaji asionje dawa ya kupaka. Na kwenye kikopo uchorwe mkono unachua goti, maana siyo wote tunaojua kusoma. Mimi naacha kuonja leo hii."

Akaandika, akanitazama. "Ukifanya hivyo, mama, nitapendekeza yabaki mezani kwako."

Moyo ukatulia. Lakini mzee Tadeo, mteja wangu wa siku nyingi, naye wa kutoka Mbulu, akagonga fimbo sakafuni. "Mimi cha mtu asiyeonja sinunui."

"Kwisha habari yako, mama!" akasema Sadock, na watu wakacheka.

Na kweli, ruhusa ingenifaa nini kama wazee wa Mbulu wananikimbia? Nikamfuata mzee pale alipokaa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Onja."

"Sionji, baba. Tazama." Nikafungua kikopo, nikachukua mafuta, nikajichua mkono wangu kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko, taratibu, yeye akiangalia. "Kama yana ubaya, ubaya huo utaanza na mimi."

Akaunusa mkono wangu. Kisha akakunja suruali, akasogeza goti. Nikapiga magoti nikamchua, hakuna aliyecheka tena, harufu ya mkaratusi imejaa ukumbini. Akakunja mguu, akaunyoosha, akaukunja tena.

"Vipi, mzee, unakubali?" Evelyne akauliza, kalamu mkononi.

Mzee Tadeo akachukua kikopo mkononi mwangu, akakitia mfuko wa koti, akaniwekea hela yake kiganjani, akavaa kofia yake, akatoka.